Mfarishi wa Kwanza kati ya Tisa

Machimboni, Banda la Nne
11 Februari

Mama Kidoti,

Mimi mzima, ila mgongo. Mgongo umekuwa kama mgeni asiyeaga, nikilala upo, nikiamka upo.

Simu ya kambini wameitengeneza, lakini unapewa dakika tatu na nyuma yako wamesimama watu ishirini wanaokusikiliza hadi unavyopumua. Mtu atamwambia nini mkewe hapo? Kwa hiyo naandika, ingawa unajua shule niliishia darasa la nne na kalamu kwangu ni nzito kuliko nyundo.

Nina habari ya kukuchekesha. Nimeanza mfarishi mwingine. Najua utakavyosema, lakini nisikilize kwanza. Tumepewa makoti mapya ya mvua. Ya zamani yametupwa nyuma ya jiko, na ndani yana bitana ya bluu, laini, haijapauka hata kidogo. Ningeiacha ioze? Nimeichana, nimeifua, nimeikata miraba ya kiganja kimoja kimoja, kama mama alivyonifundisha nilipokuwa nakaa chini ya meza yake kumchambulia vipande. Huo sasa ni wa tisa.

Wenzangu wa bandani wananiita Bibi Sindano. Mrefu, yule anayelala kitanda cha juu yangu, anasema akifa nisimshonee sanda kwa sababu atazikwa na mkono mmoja nje akingoja nimalize. Namwacha acheke. Yeye hajui raha ya mfarishi mpya. Mpya hauna kosa bado. Vipande vimekaa kitandani, vimenyooka, na kichwani mwako umeshaisha na unapendeza kuliko yote uliyowahi kushona. Wa zamani unakutazama kama mtu uliyemwahidi kitu. Na kuunganisha vipande ni mchezo tu. Kazi inakuja baadaye, pale unapoweka pamba katikati na kitambaa cha mgongoni, halafu unapitisha sindano tabaka zote tatu, mishono midogo kama punje za mchele, mfarishi mzima. Hapo ndipo nachoka.

Wa Kidoti upo. Unaendelea. Mwambie baba yake hajasahau.

Wako,
Baba Kidoti

*

Nyumbani
2 Machi

Baba Kidoti,

Barua yako nimeisomea jikoni shuleni, nimeegemea sufuria la maharage. Nimecheka kwa Mrefu. Halafu nimeacha kucheka.

Kidoti amepata nafasi chuo cha ufundi. Uchomeleaji wa vyuma, mume wangu, mtoto wako huyu aliyekuwa anaogopa kiberiti. Anaondoka tarehe tano Juni, gari la saa mbili asubuhi. Chuo kiko juu mlimani na wameandika kwenye karatasi kwamba kila mwanafunzi aje na blanketi zito.

Wewe ulipoondoka miaka mitano iliyopita nilikupa mfuko wa nguo zake za utotoni. Vigauni, fulana, lile sweta alilovaa alipoanza kutembea. Ulisema utamshonea mfarishi alalie akiwa mkubwa. Ulipokuja likizo ile ya siku kumi na mbili ukasema umebaki upande mmoja tu. Upande huo ni mrefu kiasi gani?

Nimemwambia Kidoti kwamba nitakukumbusha. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mama, usimsumbue." Basi. Hakununa, hakusema kwa hasira. Aliinama akaendelea kuchambua mchele. Angelia ningejua la kufanya. Mtoto asiyedai tena ndiye anayenitia hofu.

Na kuna jingine. Msumari, seremala wa nyumba ya pili aliyekuwa nanyi huko, amerudi. Amekaa kwenye ngazi zangu akaeleza mbele ya watu jinsi kitanda chako kilivyojaa mifarishi, ya kijani, ya mistari, ya maua. Akasema, "Shemeji, mumeo anapamba nyumba, sijui ya nani." Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, ningefanya nini?

Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza tu: mifarishi tisa unamshonea nani? Na nakuomba kitu kimoja. Usianze mwingine. Maliza wa kwanza.

Mkeo,
Mama Kidoti

*

Machimboni, Banda la Nne
20 Machi

Mke wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema pamoja na binti yetu. Usishangae mwandiko, nimebadilisha kalamu.

Nimefurahi sana kwa ajili ya Kidoti. Nilisimama juu ya kitanda nikawatangazia bandani kwamba nina mchomeleaji, wakapiga vijiko kwenye vikombe. Nyapara akaja kuuliza kuna nini.

Msumari ni mwongo mwenye ukweli kidogo, na huyo ni mbaya kuliko mwongo mtupu. Mifarishi ipo, nyumba haipo. Wa kijani ni wa mpishi, wa mistari ni wa Mrefu, wa maua ni wa mzee wa baruti ambaye aliniletea mapazia. Kila mtu aliona ule ninaojifunika mimi, niliokuja nao kutoka nyumbani, akataka na wake. Nikaanza wa kila mtu.

Sasa nimekoma. Mkasi nimeufungia kwenye sanduku la bati na ufunguo nimempa Mrefu. Nimemwambia hata nikilia asinipe. Anauvaa shingoni na kila asubuhi ananipungia nao. Kila jioni nikitoka kazini nitashona safu mbili za mfarishi wa Kidoti. Nimepiga hesabu, zimebaki safu hamsini na mbili. Muda upo.

Nisikufiche, juzi nilianguka. Mzee wa baruti alileta shati jekundu. Mkasi sikuwa nao, nikachana kwa mikono, vipande vinne tu. Mrefu alinikuta akavificha, sijui wapi.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Akupendaye,
Baba Kidoti

*

Nyumbani
9 Aprili

Kwako uliye huko,

Nimeishi na wewe miaka ishirini na moja. Mwandiko wako naujua kama ninavyojua kikohozi chako. Unaandika kama kuku aliyekimbizwa, unabonyeza mpaka karatasi inatoboka, na ukifika mwisho wa mstari unashuka chini kama maji. Barua hii imenyooka. Herufi ni za mviringo, zimepangwa kama shanga. Na wewe hujawahi kuniita mpenzi kwenye karatasi tangu unioe.

Nani amekuandikia?

Ungeniambia kalamu imepotea ningeamini. Umeniambia umebadilisha kalamu. Kalamu gani inayomfundisha mtu mwandiko wa mwalimu wa kike?

Nimeiweka barua chini ya kitambaa cha meza siku mbili. Siku ya tatu Kidoti aliitoa mwenyewe akaisoma. Akaitazama, akanitazama, akaikunja vizuri. Jana amerudi na blanketi, alilopewa na mama yake mdogo. Jepesi, unaweza kuona mwanga kwa upande wa pili. Ameliweka kwenye sanduku lake la safari. Nimemwambia alitoe, baba yako ameahidi, na nilipolisema hilo nilisikia sauti yangu mwenyewe inavyodanganya.

Kama una mtu huko, niambie kwa mwandiko wako. Nimechoka kuvumilia vitu visivyo na jina. Na kama mfarishi wa mtoto haupo, kama ulikata zile nguo ukashonea mwingine, niambie pia, nimtafutie binti yangu blanketi la maana mapema.

Mama Kidoti

*

Machimboni
23 Aprili

Mama Kidoti

Huyu kuku ni mimi. Tazama anavyoshuka.

Ile barua aliandika Mrefu. Ana ndevu mpaka kifuani na anaandika kama msichana wa bweni, nifanye nini. Mimi nilisema yeye akaandika, na mpenzi aliongeza mwenyewe, anasema barua ya mume lazima iwe nalo. Nimemtukana. Na hii naandika kidogo kidogo, leo ni siku ya tatu, maana kalamu inaniponyoka.

Vidole vyangu vinakufa.

Ni mashine. Ile ya kutoboa mwamba, unaikumbatia siku nzima inakutetemesha mpaka meno. Mwaka wa tatu nilianza kuona asubuhi ya baridi ncha za vidole zinakuwa nyeupe, nyeupe kabisa, kama si zangu. Nikizipasha moto zinarudi na maumivu. Siku hizi hazirudi zote. Nashika kikombe nisijue kama ni cha moto. Vifungo vya shati nafungiwa na Mrefu kama mtoto wa chekechea.

Sindano kubwa na vipande vikubwa naweza, macho yanasaidia. Ile mishono midogo ya kupita tabaka tatu siwezi, kwa sababu hapo unashona kwa mkono wa chini usiouona, kidole ndicho kinachosema ncha imetoka wapi. Changu hakisemi. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilishona safu nzima ya mfarishi wa Kidoti, nikataka kuinuka, kitambaa kikaja na mkono. Nilikuwa nimejishona. Uzi umepita kwenye nyama ya kidole na fulana yake nyeupe pamoja, wala sikusikia kitu. Damu nimeifua kwa maji baridi na chumvi lakini alama imebaki.

Basi nikashindwa wake nikaanza wa bluu. Nikaona vipande vinaungana, nikasema mikono ipo, ipo, si inafanya kazi hii. Siku tatu nne nikawa na amani. Nikaurudia wake, nikashindwa, nikaanza mwingine. Ndivyo ilivyofika tisa. Simshonei mwanamke. Naanza kwa woga.

Na nikwambie lililo baya zaidi, kwa sababu hilo halina mashine. Mwaka wa kwanza na wa pili nilikuwa na vidole vyote na sikuumaliza. Nilifika nusu. Nilidhani mtoto atangoja kukua.

Nguo zake zote zimo humohumo. Sijampa mtu hata utepe.

Nesi wa zahanati amesema niache mashine kabla ya mikono yote. Nyapara amesema asiye na mashine hana kitanda. Mkataba ni mpaka Desemba. Usimwambie Kidoti.

Mumeo

*

Nyumbani
8 Mei

Mume wangu,

Nimemwambia Kidoti. Nimemwambia kabla hata sijaketi. Mambo ya kufichana katika nyumba hii nimeyaona yanakofika.

Nimelia, halafu nikakasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo soma ukiwa umekaa. Miaka mitatu unafungwa vifungo na mtu mwenye ndevu na mimi nahesabiwa kuwa sistahili kujua? Ulidhani niliolewa na vidole? Ningetaka vidole ningeolewa na fundi saa, na alikuja, muulize marehemu baba yangu.

Msumari nimemwambia maneno machache mbele ya watu walewale. Hatapita tena kwenye ngazi zangu.

Sasa nisikilize. Iache hiyo mashine. Hapa tutakula tunachokula. Shuleni wanatafuta mlinzi wa lango, mwalimu mkuu amesema anayefaa ni mtu mzima asiyelewa. Wewe ni mtu mzima na pombe inakutapisha. Mikono miwili isiyosikia ni bora kuliko kukosa mikono. Njoo. Mfarishi uje nao jinsi ulivyo, na hiyo minane waachie wenyewe.

Kidoti ameichukua barua yako akaenda kuisomea uani. Amerudi macho mekundu akasema ni moshi, na uani hapakuwa na moto. Ameomba kipande cha karatasi aandike mwenyewe. Sijasoma alichoandika.

Mkeo,
Mama Kidoti

Baba, shikamoo.

Mama amesema sikuuliza tena kwa sababu nimesahau au nimesusa. Si hivyo. Kila barua yako ilikuwa na mfarishi mpya, wa kijani, wa mapazia, wa bluu. Wangu ulikuwa mstari mmoja mwishoni, unaendelea. Nilipofika miaka kumi na tano nikajiambia pengine nguo zangu zimechakaa, ukizitazama hazikupi hamu. Nikaona aibu kuuliza.

Tafadhali usiushone tena. Ukiumaliza kwa vidole hivyo nitalala chini yake nikifikiria sindano. Uje nao tu. Naondoka tarehe tano saa mbili asubuhi na sanduku langu bado lina nafasi.

Kidoti

*

Machimboni, Banda la Nne
22 Mei
(Anaandika Mrefu, anasema Baba Kidoti, na safari hii hakuna mpenzi.)

Mke wangu na mwanangu,

Nimekosa kuitii barua ya Kidoti. Nimeendelea kushona. Mwanangu, wewe umeniambia nisishone kwa huruma, na mimi huruma yako nimeipokea, lakini siwezi kukujia mlangoni na nusu ileile niliyokuwa nayo ulipokuwa na miaka kumi na tano. Bora unione mkaidi.

Tumepata njia. Sindano naivuta kwa koleo dogo la fundi umeme. Mrefu anakaa mbele yangu ameinama chini ya kitambaa anatazama upande wa chini. Nikikaribia kidole anasema, "Nyama." Nikiwa salama ananyamaza. Kwa hiyo banda zima jioni linasikia nyama, nyama, nyama, na mpishi ameuliza kama tunalalamikia chakula chake. Mishono haipendezi. Ni mirefu, mingine imelala upande, na navuta kwa nguvu kwa kuwa sijui nguvu inatosha wapi. Lakini zimebaki safu kumi na moja.

Mpishi juzi amekuja na pazia kutoka nyumba ya wageni. Mahameli ya rangi ya haradali, zima, halijatobolewa na panya. Nilimwomba anipe nilishike kidogo. Nililishika kwa shavu, kwa kuwa vidole havinipi habari. Mama Kidoti, mate yalinijaa mdomoni kama mtu aliyefunga. Nikaona mfarishi wote hapo, umekwisha, unang'aa. Mrefu aliushika ufunguo shingoni akanitazama. Nikamrudishia mpishi pazia lake.

Leo asubuhi nimekwenda kwa nyapara nikamweleza vidole. Akasema kazi haina nusu, ama mashine ama geti. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi ya kumwomba anipe fagio, hata jikoni, na yote yakanitoka kichwani. Nimevua glavu nikaziweka mezani kwake. Nimemwambia nimechagua geti.

Ile minane nimewarudishia wenyewe, kila mtu wake, na kila mmoja umechomekwa sindano yake. Mzee wa baruti ameanza kujishonea. Anatukana sana.

Gari linaondoka huku tarehe mosi. Ni safari ya siku tatu. Nitafika tarehe nne jioni kama daraja halina neno. Kidoti, nisubiri.

Baba yako

*

Nyumbani
8 Juni

Mwanangu Kidoti,

Anaandika mama yako, mimi nasema. Anabonyeza kalamu kama ananidai.

Nilifika tarehe tano saa tisa alasiri. Gari lako lilikuwa limeondoka saa mbili. Nilichelewa kwa saa saba, mwanangu. Darajani gari letu lilivunjika ekseli, tukakaa siku nzima tunangoja chuma kutoka mjini. Abiria wengine walikaa kivulini wakacheza karata. Mimi niliketi juu ya gunia langu nikashona safu tatu za mwisho. Mrefu hakuwepo wa kuniambia nyama, nikamwomba mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha anitazamie. Alinitazamia vizuri, ila yeye kila mara alisema, "Jamani, baba," na mtoto akaamka.

Nilipokanyaga mlangoni nilisema, yuko wapi. Mama yako alinitua gunia, akanishika mikono akatazama kidole kimoja kimoja kama anayechagua karoti sokoni, akasema kaa. Ndipo nikajua.

Ameniambia ulisimama kwenye ngazi ya gari mpaka kondakta akakufokea. Hilo silisahau. Ulinisubiri na sikuja. Ameniambia pia kwamba ulimwomba asinilaumu. Amenilaumu kidogo.

Amenionyesha alama ya kimo chako kwenye mlango. Niliisimamia. Inafika sikioni kwangu. Nilikuacha kwenye kifungo cha pili cha shati. Nimekaa humu ndani siku tatu naogopa kitu cha kijinga, kwamba mfarishi ni mfupi. Niliukata kwa kukisia, ukiwa na miaka kumi na tatu. Miguu ikitoka nje uniambie, usinifiche.

Pindo ameshona mama yako, siku mbili. Mimi nimeshika upande wa pili ukavutika sawa. Umekwisha, Kidoti. Nilipouona umekunjwa sikuwa na raha ile niliyoifikiria. Niliona kila kosa. Nusu ya juu ni mishono ya mtu. Nusu ya chini imelala huku na huku kama mlevi anayetafuta nyumba. Kuna alama ya damu kwenye fulana nyeupe, usidhani ni uchafu. Wenzako wa bweni wakiuliza nani ameshona, si lazima useme.

Tumempa dereva wa lori la unga linalopanda huko Jumatano. Ukiufikia tuandikie, hata mstari mmoja. Usipoandika nitajua umefika na hukuupenda, au haukufika, na sijui lipi nitaliweza.

Jumatatu naanza langoni shuleni. Mama yako amekusanya vitambaa vyote vya nyumba hii akavipeleka kwa mama yako mdogo, hata dasta la jikoni.

Baba yako

*

Chuoni, Bweni la Wasichana
25 Juni

Baba, shikamoo. Na Mama, shikamoo.

Mfarishi umefika. Una unga kwenye kona moja, nimeukung'uta.

Baba, siku ile kwenye ngazi ya gari sikukulaumu. Nilikasirika kwa nusu saa hivi, mpaka mahali barabara inapopinda usione tena nyumba. Halafu nikaanza kuogopa kwamba gari lako limeanguka. Niliogopa siku kumi, kwa kuwa barua yenu na mfarishi vimekuja pamoja na kabla yake hakuna aliyeniambia kitu. Kwa hiyo mfarishi ulipofika nilikaa juu yake kwanza nikasoma barua mara mbili, ndipo nikaufungua.

Miguu haitoki. Umebaki hata wa kukunja.

Baridi ya huku haina mchezo. Lile blanketi la mama mdogo ningekufa nalo. Wenzangu wamekuja kuutazama, tuko tisa chumbani. Niliwaambia ameshona baba. Hawakuamini, kwa hiyo nimewaeleza koleo, na Mrefu, na nyama. Sasa mtu akikaribia kujikata karakanani, chumba chote kinaita nyama. Mwalimu anadhani tuna wazimu.

Nimetafuta mahali vidole vyako vilipoishia. Si vigumu kupaona. Ni kwenye lile sweta, mkono mmoja umeshonwa kwa punje za mchele na mkono wa pili kwa hatua za mtu mwenye haraka. Nimetaka kukuandikia kwamba mishono inapendeza, nikaona nitakuwa nakudanganya, na Mama amesema mambo hayo yaishe. Haipendezi, Baba. Imepinda.

Lakini huku tunafundishwa kwamba kiungo hakitazamwi, kinavutwa. Ukichomelea vyuma viwili mwalimu hatazami kama vinang'aa, anavibana kwenye jiliwa na kuvivuta. Jumamosi hatukuwa na kipindi, nikaukunjua kitandani nikaushika upande huu na huu nikauvuta kwa nguvu zangu zote, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Ile mishono midogo ililegea kidogo hapa na pale, pamba ikasogea. Nikafika kwenye sweta, nikaendelea kushuka. Chini yake hakuna kilichosogea. Nimevuta mpaka mikono ikauma, hata uzi mmoja haukulia.

Kwa hiyo nimeugeuza. Upande uliokuwa chini, sasa ndio ninaouvuta mpaka shingoni.

Mwanenu,
Kidoti